Barua ya wazi: Kagueni diski kabla mwananchi hajafika dirishani

Kwa waheshimiwa wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa taasisi za umma na wakuu wa vitengo vya TEHAMA, Dar es Salaam.

YAH: UKAGUZI WA KUMBUKUMBU ZA WANANCHI ZILIZOHIFADHIWA KWENYE KOMPYUTA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Waheshimiwa, Agosti 2023 nilimsindikiza mama yangu kwenye ofisi moja ya umma hapa jijini. Baba alikuwa amefariki, na katika shauri la mirathi mahakama ilitaka uthibitisho wa kiwanja alichonunua miaka ya tisini: mkataba wa mauziano, sahihi za majirani wanne na muhuri wa serikali ya mtaa. Nakala yetu ya nyumbani ilikwenda na mafuriko ya Desemba 2011, tulipokuwa bado tunaishi bondeni. Hatukuwa na wasiwasi sana. Jalada la ofisi lilikuwepo, na tangu 2015 tulikuwa tumeambiwa kwamba majalada yote ya masjala ile yameskaniwa na yako salama kwenye kompyuta.

Karani alimwamkia mama kwa adabu, akamvutia kiti, akaingiza namba ya jalada. "Lipo, mama," akasema, na mama akashusha pumzi. Ukurasa wa kwanza ukafunguka: jina la baba, tarehe, kijiji alikotoka muuzaji. Kuanzia katikati kwenda chini ukurasa ulikuwa kijivu kitupu. Ukurasa wa pili, wenye sahihi na muhuri, haukufunguka kabisa. Karani alidhani kompyuta yake ina matatizo, akahamia ya mwenzake. Kijivu kilekile.

Mimi kazi yangu ni usimamizi wa seva, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi mafaili ya ofisi nzima. Niliomba, kwa heshima, nionane na fundi wao. Nilikutana na kijana muungwana asiyeficha kitu. Seva yao ilikuwa na diski mbili pacha, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Bakapu kamili, yaani nakala ya akiba ya mafaili yote, ilifanyika kila wiki kwenda diski ya nje, na diski nyingine ya nje ilipelekwa jengo la pili. Nasema kweli, ofisi nyingi nilizowahi kuingia hazifiki hapo. Tukafungua bakapu ya wiki ile: kijivu. Ya mwaka uliotangulia: kijivu. Ya zamani kuliko zote, ya 2019: kijivu. "Dada, hapa sina la kukwambia," akasema. Karatasi zenyewe ziliteketezwa baada ya kuskaniwa, kwa sababu paa la masjala lilivuja na zilikuwa zimeanza kuota ukungu.

Siandiki barua hii kumshtaki kijana yule, wala karani. Wote wawili walifanya walichofundishwa. Naandika kwenu kwa sababu katika miaka yote minane hakuna mkuu aliyewahi kuwauliza swali moja: hicho kilichomo kwenye diski bado ni kile tulichokiweka?

Naomba nieleze kilichotokea ndani ya diski zile. Wakuu wengi niliozungumza nao wanaichukulia diski kama taa: ama inawaka, ama imeungua. Sivyo. Diski inaweza kuwaka kila asubuhi na kufungua mafaili elfu moja bila shida, na bado sehemu ndogo ndani yake ikawa imebadilika pasipo mtu kujua. Sumaku inayobeba data hudhoofika. Programu ya ndani ya diski hukosea ikaandika mahali pasipo pake. Kebo iliyolegea au memori yenye hitilafu hupitisha tarakimu nyingine badala ya ile iliyopewa. Umeme hukatika wakati uandishi uko katikati. Makosa ya namna hii hayana sauti. Diski ikiulizwa inajibu, tena upesi, ila jibu lake silo lile ulilolikabidhi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kufuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41. Walikuta zaidi ya mara 400,000 ambapo data iliyosomwa haikulingana na alama iliyowekwa ilipoandikwa. Kati ya diski za bei nafuu, zile za SATA ambazo ndizo ofisi zetu hununua, asilimia 0.66 zilipata angalau kosa moja la aina hiyo ndani ya miezi 17 ya kwanza. Kwa zile za bei ghali ilikuwa asilimia 0.06. Mwenye diski moja nyumbani anaweza kuishi miaka mingi asikutane na kosa hilo. Lakini ninyi mna diski kwenye kila ofisi ya kata, kila hospitali, kila masjala. Kwa wingi huo, baadhi ya kurasa za wananchi zitaharibika, na baadhi zimeshaharibika tayari. Zaidi ya hapo, nyingi ya mashine hizo zinakaa kwenye vyumba ambavyo kiyoyozi kinazimwa Ijumaa jioni na kuwashwa Jumatatu, kwa joto la Februari la mji huu.

Basi diski pacha zilisaidia nini? Zinasaidia sana diski moja ikifa kabisa, na kazi hiyo hazina mpinzani. Ila faili linaposomwa, mfumo wa kawaida huchukua kutoka diski mojawapo na kuamini. Hata ukizilinganisha ukakuta zinatofautiana, hakuna kinachokuambia ipi inasema kweli. Ni mashahidi wawili mbele ya hakimu asiye na kumbukumbu yoyote. Yule fundi alinieleza kwamba mwaka 2017 diski moja ya seva ilikufa ikabadilishwa, na ile mpya ikajazwa kutoka kwa iliyobaki. Kama iliyobaki ndiyo iliyokuwa na kosa, basi siku hiyo kosa lilipata pacha wake. Kisha bakapu ikaendelea kulinakili kwa uaminifu, wiki baada ya wiki, hadi nakala nzima za zamani zilipofutwa kupisha mpya.

Hapa ndipo kiini cha barua yangu. Fikirini ghala la mpunga. Mwenye ghala makini hupima kila gunia linapoingia, huandika uzito kwenye daftari, na daftari halilali ndani ya gunia. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee wetu, na sisi tumejenga maghala makubwa ya mafaili pasipo daftari. NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, mifumo ya mafaili (programu zinazopanga mafaili kwenye diski) inayotumika karibu kila mahali, haiweki alama ya kuthibitisha yaliyomo ndani ya faili. Ikirudishiwa kijivu, inakupa kijivu.

Dawa ipo, na si ngeni. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walianza kuijenga ZFS, mfumo wa mafaili wenye daftari lake, kwenye kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2001, na msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2005. Mfumo wa mafaili wa Btrfs, wenye wazo kama hilo, uliingia kwenye Linux mwaka 2009. Mifumo yote miwili hailipiwi leseni. ZFS inapoandika kipande cha data, hukikokotolea cheksamu, yaani tarakimu inayotokana na yaliyomo, ambayo haitalingana tena hata biti moja, yaani sifuri au moja iliyomo kwenye data, ikigeuka. Cheksamu hiyo haikai na kipande chenyewe. Hukaa kwenye kipande cha juu kinachokielekeza, nacho kina cheksamu yake juu zaidi, hivyo hivyo hadi kileleni. Ndiyo maana hata diski ikiandika mahali pasipo pake, hesabu itaifichua. Data ikisomwa, hesabu inarudiwa. Isipolingana, ZFS inakwenda kwenye nakala pacha, inaipima nayo, na ikiwa nzima inampa msomaji hiyo, kisha inarekebisha ile iliyoharibika. Yule hakimu sasa ana daftari.

Wengine mtapenda kutumia diski sita ambapo ujazo wa mbili unakwenda kwenye hesabu za akiba, kiasi kwamba diski zozote mbili zikifa bado kila kitu kinasomeka. Hilo amueni na mafundi wenu kulingana na bajeti. Kinachonihangaisha mimi ni hatua inayofuata, kwa sababu ndiyo inayosahaulika hata na wanaoijua ZFS.

Cheksamu hupimwa pale data inaposomwa. Jalada la baba halikufunguliwa na mtu kwa miaka minane. Kwa hiyo hata mfumo bora ungekaa kimya miaka minane, huku nakala ya kwanza ikiharibika, kisha labda na ya pili. Lazima kuwe na ukaguzi wa makusudi: mashine isome kila kipande cha data kilichohifadhiwa kwenye kila diski, kiwe kinafunguliwa na watu au hakifunguliwi, ikipime, na irekebishe yaliyoharibika wakati nakala nyingine bado nzima. Mafundi tunauita skrabu. Ni amri moja. Inaweza kuchukua saa kadhaa au siku nzima kwa diski kubwa, huku kazi zikiendelea. Kosa likigunduliwa ndani ya mwezi mmoja linatibika. Likigunduliwa siku diski ya pili inapokufa, au siku mjane anapofika dirishani, mara nyingi limechelewa.

Kwenye Debian na Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, anayesakinisha ZFS hukuta ratiba ya skrabu imeshawekwa: Jumapili ya pili ya kila mwezi, usiku wa manane. Nimefika kwenye ofisi hapa mjini zinazozima seva kila Ijumaa ili kuokoa umeme. Ratiba ipo, kila anayekagua anaiona, na haijawahi kukimbia hata mara moja. Wekeni Jumatano usiku. Au iacheni seva iwake na chumba chake kiwe na kiyoyozi wikiendi yote.

Na matokeo yasomwe na mtu mwenye jina. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambako waandishi wa programu wa nchi nyingi wanahifadhi kazi zao, ilifuta kwa makosa hifadhidata yake kuu. Walikuwa na njia tano za bakapu na unakili. Walipozigeukia, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyotegemea. Bakapu ya kila siku ilikuwa inashindwa kwa sababu matoleo ya programu hayakulingana, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono takribani saa sita kabla, kwa kazi yake nyingine kabisa. Hao ni watu ambao kompyuta ndiyo biashara yao. Ofisi ya kata yenye fundi mmoja anayehudumia na mashine za kuchapisha itawezaje kujua bakapu yake inashindwa, kama hakuna anayetakiwa kusaini kwamba ameisoma taarifa?

Kwa hiyo naomba hivi. Kila mwezi, kwenye meza ya mkuu wa taasisi, ifike karatasi moja: skrabu ilianza lini, ilimalizika lini, makosa mangapi yalikutwa, mangapi yalirekebishwa, mafaili gani hayakurekebishika. ZFS yenyewe hutoa taarifa hiyo na hutaja faili lililoharibika kwa jina. Mkuu aisaini, aiweke kwenye jalada kama anavyosaini taarifa ya fedha. Hahitaji kuwa mtaalamu. Anahitaji kuona kwamba safu ya makosa ya cheksamu inasoma sifuri, na isiposoma sifuri aulize.

Kila robo mwaka, mafaili ishirini yachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye bakapu, si kwenye seva, na yafunguliwe mbele ya mtu wa masjala. Namtaja mtu wa masjala kwa makusudi. Fundi ataona faili limefunguka akaridhika. Karani wa masjala ndiye atakayeona kwamba muhuri haupo.

Ombi jingine liende mbele ya yote: msichome karatasi mpaka nakala zake zimehesabiwa cheksamu, zimewekwa mahali pawili, na zimepita angalau skrabu moja salama. Najua karatasi zinajaza vyumba, na najua mchwa na ukungu wa pwani. Hata hivyo, pale Upanga kwenye Nyaraka za Taifa zipo kumbukumbu za utawala wa Wajerumani, zilizoandikwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Bado zinasomeka. Karatasi ikizeeka inageuka njano, inanuka, inakatika pembeni, na mtunza nyaraka anaona anakimbilia kuitibu. Jalada la baba yangu liliskaniwa 2015 na halikuonyesha dalili yoyote.

Kuna taasisi ambazo haziwezi kubadilisha mifumo yao mwaka huu. Mikataba imefungwa, seva ni za Windows, fundi hajui Linux. Hilo si sababu ya kukaa. Leo hii, bila kununua kitu, fundi anaweza kutengeneza orodha ya mafaili yote yaliyoskaniwa pamoja na hashi ya SHA-256 (aina ya cheksamu) ya kila moja. Windows na Linux zote zina amri ya kufanya hivyo. Orodha hiyo iwekwe kwenye diski nyingine na nakala yake ikae kwa mkuu wa masjala. Kila robo mwaka hesabu irudiwe, zilinganishwe. Haitatibu faili, lakini itasema lipi limeharibika wakati bakapu nzima bado ipo. Laiti ingekuwepo mwaka 2017, mama asingefika pale kuonyeshwa kijivu.

Kwa manunuzi yanayokuja, mnapoandaa vigezo vya zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao, ongezeni sentensi chache: mfumo wa mafaili wenye cheksamu ya data, skrabu ya kila mwezi, memori ya ECC inayosahihisha makosa yake, na majaribio ya kurejesha kabla ya kupokea mzigo. Zabuni nyingi nilizosoma zinataja ujazo wa diski na rangi ya kabati, basi. Kuhusu gharama, diski mbili za akiba kwa seva ya halmashauri hazifiki bei ya matairi manne ya gari moja la ofisi. Nasema hivyo kwa sababu kila mara nimeambiwa kwamba fedha hakuna, na kila mara nimeona magari yakitengenezwa.

Nisieleweke kwamba skrabu inatosha. Fundi akifuta jalada kwa bahati mbaya, ZFS italifuta kwa usahihi kabisa kwenye diski zote. Mdukuzi akiyafunga mafaili, cheksamu zitalingana na mafaili yaliyofungwa. Moto nao haujali pacha. Julai 2021 tuliamka tukakuta Soko Kuu la Kariakoo limeteketea, na mfanyabiashara aliyeweka daftari la madeni dukani alipoteza vyote viwili. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliangamia, na haikuwa na nakala nje ya kituo kile kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Hiyo ni nchi inayotengeneza diski na memori tunazonunua sisi. Kwa hiyo nakala moja iwe nje ya jiji, Dodoma au kwingineko, na huko nako skrabu ifanyike. Nakala ya mbali isiyokaguliwa ni kijivu kilichosafiri.

Sheria haziwapi nafasi ya kulichukulia hili kama hiari. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inawataka mtunze kumbukumbu za umma ipasavyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu ziwe sahihi na zilindwe zisipotee wala kuharibiwa. Tumezoea kuisoma sheria hii kama ulinzi dhidi ya wezi wa taarifa. Jina la baba halikuibwa na mtu. Liliharibika mikononi mwa waliokabidhiwa kulitunza, na kwa mama tofauti haipo.

Shauri letu bado liko mahakamani. Kati ya majirani wanne waliosaini, wawili wamefariki. Mmoja tulimpata Songea, mzee sana, akakumbuka mkataba lakini hakukumbuka mwaka. Wa nne tunamtafuta. Mama anakwenda mahakamani kila shauri linapotajwa, na bahasha aliyobeba ina ule ukurasa wa kwanza uliochapishwa, nusu maandishi, nusu kijivu. Karani aliupigia muhuri wa nakala halisi kwa sababu ndicho kilichokuwemo kwenye mfumo.

Waheshimiwa, wiki hii mwiteni fundi wenu, mumuulize tarehe ya skrabu ya mwisho na faili la mwisho alilolirejesha kutoka kwenye bakapu. Akiwa hana tarehe ya kutaja, msimkaripie. Mpeni diski na muda, na mpangieni siku ya kuleta taarifa ya kwanza.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa seva, mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam